Likizo ya wiki 12, kamera moja, watu wanne: filamu moja ndefu au mazoezi madogo?

Kibatari

Wakuu, heshima kwenu.

Tuko wanne, wanafunzi wa filamu mwaka wa pili, Dar es Salaam. Likizo ni wiki 12. Vifaa tulivyonavyo: kamera moja ya kubadilisha lenzi yenye sensa (kipande kinachopokea picha) ya ukubwa wa APS-C, lenzi ya milimita 50 pamoja na ile ndogo iliyokuja na kamera, simu mbili za Android, stendi moja, maiki moja ya kubana kwenye kola, na kompyuta mpakato moja yenye nguvu za wastani. Bajeti ni ya nauli na chakula tu.

Wawili wanataka likizo yote tupige filamu moja ya dakika 30. Wawili wanataka mazoezi madogo madogo. Kasoro za kazi ya muhula uliopita tunazijua: sauti ni kama ya bafuni, uso unakuwa giza mtu akikaa karibu na dirisha, mikato inaruka, na watu wawili wakizungumza hawaonekani kama wanatazamana.

Naomba wenye uzoefu mtusaidie: ni mazoezi gani hasa, yafuatane vipi, na kila moja tulipime kwa kipimo gani?

Mkasi

Mkuu Kibatari, anzeni na hesabu. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri hutoa takriban dakika moja ya filamu, kwa hiyo dakika 30 ni kurasa 30. Watu wanne wenye kamera moja wakijitahidi watamaliza kurasa mbili hadi tatu kwa siku. Hizo ni siku 10 hadi 15 za kupiga, bado hamjahesabu mvua, mwigizaji aliyesafiri na mwenye nyumba aliyebadili mawazo. Na kosa la sauti la siku ya kwanza mtakwenda nalo mpaka siku ya mwisho, maana mtaligundua mkishaketi kuhariri.

Zoezi dogo linakwenda hivi: Jumamosi mnapiga, Jumapili mnahariri, Jumatatu mnatazama, Jumatano mnapiga lile lile upya. Hiyo Jumatano ndiyo shule yenyewe. Wengi wakishayaona makosa yao huhamia zoezi jingine, kumbe ujuzi unaingia pale unaposimama tena mbele ya sufuria ile ile huku ukijua ulikosea wapi.

Kwa mikato inayoruka, pigeni mtu anapika chapati. Sekunde 60, shoti 10, hakuna maneno, hakuna muziki. Nimechagua chapati kwa sababu kila hatua ina mwendo wa mkono ulio wazi: kukata donge, kusukuma, kukunja, kutupia kwenye kikaango, kubonyeza, kugeuza. Mwendo ndio unaoficha mkato.

Siri iko kwenye kupishanisha. Tuseme shoti ya kwanza ni pana: mpishi anainua chapati ubaoni, anaitupia kikaangoni, anaibonyeza. Shoti ya pili ni ya karibu, kikaango na mkono tu. Wanafunzi wengi huanza ile ya pili pale chapati imeshatua. Hapo mmejifunga, mna sehemu moja tu ya kukata, na mara nyingi ni mbaya. Katika shoti ya karibu mwambieni mpishi aanze tena kwenye kuinua na amalize tena kwenye kubonyeza. Mwendo wote unakuwepo kwenye shoti zote mbili, mnachagua wakati wa kuhariri. Kata mwendo ukiwa njiani, chapati iko hewani, usisubiri itue. Kisha jaribuni kusogeza mkato fremu mbili (fremu ni picha moja moja inayounda video) mbele na fremu mbili nyuma, mtazame kila moja. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu mbili ni sehemu ya 8 kati ya 100 za sekunde tu, lakini jicho linazihisi.

Vitu vinavyoharibu zoezi hili:

Madonge hayatoshi. Chapati ikishaiva haiwi mbichi tena, na kila teki, yaani kila mara mnaporudia kupiga shoti, inataka chapati iliyo kwenye hatua ile ile. Andaeni madonge 12 kwa chini kabisa.

Mkono umebadilika. Shoti pana ameshika mwiko mkono wa kulia, shoti ya karibu wa kushoto. Unga ulikuwa mpaka kwenye kiwiko, sasa mkono ni msafi. Mtu mmoja kati yenu asishike kitu kingine chochote isipokuwa simu ya kupiga picha mwisho wa kila teki, na daftari.

Kamera imesogea kidogo tu. Mkiunganisha shoti mbili za kitu kimoja zinazofanana pembe na ukubwa, picha itaruka kama video iliyokwama. Sogezeni kamera angalau nyuzi 30 kuzunguka kitu hicho, na mbadili ukubwa wa shoti waziwazi: kutoka mwili mzima hadi mikono, siyo kutoka kiunoni hadi tumboni.

Mnapolirudia Jumatano, tumieni shoti tano badala ya 10. Mtalazimika kujua ni zipi zilikuwa zinabeba kazi.

Kujifunza kwa vitu vichache kuna historia ndefu. Moscow baada ya mapinduzi ya 1917, mikanda mbichi ya kupigia picha ilikuwa adimu kabisa. Lev Kuleshov, aliyefundisha kwenye shule ya filamu iliyoanzishwa huko mwaka 1919, aliwapa wanafunzi wake kazi ya kutengeneza filamu bila mkanda: waliigiza mbele ya watu matukio yaliyopangwa shoti kwa shoti, wakajizoeza kupanga picha na miendo. Ni huyo huyo ambaye jina lake limebaki kwenye lile jaribio la uso mmoja usioonyesha hisia yoyote, uliounganishwa na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Uso ni ule ule, maana inabadilika kwa kile kinachoufuata.

Hilo lifanyeni kuwa zoezi lenu la pili, ni la mchana mmoja tu. Pigeni uso wa mtu anayetazama nje ya fremu kwa sekunde 20. Mwambieni asiigize chochote, ahesabu kimoyomoyo kurudi nyuma kutoka 50. Kisha pigeni vitu vitatu: sahani ya pilau, viatu vya mtoto mlangoni, barua iliyofungwa. Tengenezeni video tatu za sekunde 15, mwonyesheni kila moja mtu tofauti asiyejua lolote, mumwulize tu: "Huyu anawaza nini?" Majibu yakifanana, rekebisheni mwelekeo wa macho na urefu wa shoti, mrudie.

SautiKwanza

Nakubaliana na Mkasi, lakini mimi ningeanza na sauti kabla ya chapati. Mtazamaji anavumilia picha yenye chenga. Maneno yasipomfikia, anafunga.

Hiyo "sauti ya bafuni" ina sababu moja kubwa: maiki iko mbali na mdomo. Sauti ya moja kwa moja hushuka desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, ila mwangwi wa ukuta, sakafu ya vigae na dari ya jipsamu unabaki karibu vile vile popote uliposimama. Kwa hiyo kadiri unavyorudi nyuma, mwangwi ndio unaoshinda. Programu za kuupunguza baadaye zipo, ila msizitegemee.

Zoezi: mtu mmoja, sentensi moja ile ile, chumba kimoja. Rekodini maiki ikiwa sentimita 20 kutoka mdomoni, kisha 40, kisha 80, kisha 160. Halafu tandazeni godoro sakafuni, tundikeni blanketi mbili nzito nyuma ya maiki na nyuma ya msemaji, mrudie zote nne. Kanga peke yake ni nyepesi mno, haifyonzi kitu cha maana. Sikilizeni kwa hedifoni za kufunika masikio, macho yamefumbwa, mkiandika alama. Baada ya saa moja hakuna atakayewashawishi tena kuacha maiki juu ya kamera.

Maiki yenu ya kola ikae katikati ya kifua, kama shubiri moja chini ya kidevu. Ikipanda zaidi, kidevu kinaifunika na sauti inabadilika mtu akiinama. Nguo ndiyo adui: kitenge kipya chenye wanga kinakwaruza, na shati la polyester ni baya zaidi. Tengeneza pembetatu ndogo mbili za plasta ya duka la dawa, gundi ikiwa nje pande zote, uibane maiki katikati, upande mmoja ushike nguo na mwingine ushike ngozi. Fanya kitanzi kidogo cha waya chini ya maiki, ubandike, ili waya ukivutwa usivute maiki.

Kwa kuwa maiki ni moja na wazungumzaji ni wawili, msijaribu kuwanasa wote kwa pamoja. Anayeonekana uso kwenye shoti ndiye avae, kisha mnahamisha mkigeuza kamera. Simu ya pili iwekeni karibu na mzungumzaji mwingine, ifichwe nyuma ya kikombe au chini ya leso, irekodi kama akiba.

Viwango: hezi 48,000, na biti 24 kama programu inaruhusu. Mtu akiongea kawaida, vilele vya sauti vicheze kwenye desibeli -12. Akipandisha hasira visipite -6. Ikigonga 0 imepasuka, hairudi. Zimeni marekebisho ya sauti ya kujiendesha yenyewe, maana mtu akinyamaza mashine inapandisha mvumo wa chumba, na akianza tena inaushusha. Mtasikia chumba kinapumua.

Kabla ya teki ya kwanza simameni kimya dakika moja mkisikiliza. Feni, friji, pampu ya maji ya jirani, jenereta, bodaboda zilizopaki zikiwa zinanguruma. Friji mkiizima, wekeni funguo za nyumba ndani yake, hamtaondoka bila kuiwasha. Angalieni nyakati za adhana na mzipangie ratiba, huo ndio wakati wa kubadili nguo na kuhamisha taa. Bati na mvua havina tiba, ahirisheni.

Mwisho wa kila chumba, rekodini sekunde 30 za kimya watu wote wakiwa humo humo. Mhariri ataitandaza chini ya mazungumzo yote, na mikato ya sauti haitasikika.

Zoezi la pili la sauti: ile chapati ya Mkasi, futeni sauti yote, mwitengeneze upya kuanzia kikaango hadi hatua za miguu. Mafuta yanayochachatika yanapatikana vizuri kwa kudondosha maji machache kwenye chuma cha moto, maiki ikiwa pembeni na siyo juu ya mvuke.

Kibatari

Asanteni sana wakuu. Swali la haraka kwa SautiKwanza au yeyote: kazi iliyopita picha tulipiga kwa simu na sauti tukairekodi kwenye simu nyingine. Mwanzo midomo inalingana kabisa, ikifika dakika ya nne imeachana. Pia ndani ya chumba chenye taa kulikuwa na mistari myeusi inayopanda juu ya picha.

Fremu25

Hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza: simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Mwanga ukipungua au simu ikipata moto, inashusha kutoka 30 hadi 28 au 24, kisha inapandisha tena. Programu ya kuhariri ikichukulia kwamba fremu zote zina urefu sawa, picha na sauti vinaachana kidogo kidogo. Tumieni programu ya kamera inayofunga idadi ya fremu, kama Open Camera au Blackmagic Camera, zote za bure. Kwa video mlizokwisha piga, zipitisheni kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, upande wa video mchague fremu zisizobadilika, ndipo mziingize kwenye kuhariri. Na kama mnahariri kwa DaVinci Resolve, wekeni fremu 25 kwenye mipangilio ya mradi kabla ya kuingiza faili la kwanza. Ukishaweka video kwenye mradi, haikuruhusu kubadili tena.

Hata baada ya hapo, pigeni makofi mbele ya kamera mwanzo na mwisho wa teki ndefu. Kofi la mwisho ndilo litakalowaambia kama kuna kuachana, na kwa kiasi gani.

La pili: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikipiga kwa fremu 30 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/60, haiendi sawa na mapigo hayo, ndiyo mistari unayoiona. Fremu 25, shata 1/50, inaondoka. Ikibaki jaribu 1/100. Ikibaki na hapo, ni taa yenyewe, hasa zile za kupunguzwa mwanga kwa rimoti: iwashe mpaka mwisho, upunguze kwa kuisogeza mbali.

Kamera na simu zote ziwe 25. Kuchanganya 25 na 30 kwenye taimulaini moja kunafanya mtu anayetembea aonekane anashtuka shtuka.

Na kwa kuwa mmetaja milimita 50, chungeni uwazi wa lenzi, ile namba ya f: ikiwa ndogo, lenzi imefunguka zaidi. Kwenye sensa ya APS-C, f/1.8, mtu akiwa mita 1.5 kutoka kwenye kamera, eneo lililo kali lina kina cha kama sentimita 6 tu. Akiinama kuchukua kikombe, ametoka. Kwa f/4 mnapata kama sentimita 14. Fanyeni mazoezi kwa f/4 mpaka anayeshika fokasi aweze kumfuata mtu anayetembea hatua tatu kuja kwake, mara tano mfululizo bila kukosa. Bandikeni vipande vya selotepu sakafuni kwa kila hatua, na alama zinazolingana kwenye pete ya lenzi.

Mwangaza_Bara_na_Pwani

Wadogo zangu, habari za kazi. Hilo la uso kuwa giza karibu na dirisha halihitaji kununua taa.

Kamera ikiachwa ijiamulie, inapima fremu nzima. Dirisha ni kubwa na lina mwanga mwingi, au ukuta ni mweupe, basi inapunguza kila kitu, na uso wa Mwafrika unazama. Pangeni mwanga wa kamera wenyewe, msiiachie ijiamulie, mpime uso peke yake. Kama kamera yenu ina mistari ya pundamilia (milia inayotokea kwenye skrini pale mwanga unapofika kiwango mlichoweka), iwekeni asilimia 55, mfungue lenzi mpaka mistari ianze kuonekana kwenye paji la uso na kwenye shavu linalopata mwanga. Ngozi nyeusi sana inaweza kukaa chini kidogo ya hapo na ikapendeza. Msiipandishe mpaka ikawa kijivu, maana mtaua rangi yake nzuri ya asili.

Zoezi la dirisha moja. Kiti kimoja, mtu mmoja, hakuna taa. Pigeni sekunde 10 mtu akiwa ameketi mita moja kutoka dirishani, dirisha likiwa upande wake wa kulia. Kisha mzungusheni: dirisha mbele yake, kisha nyuma ya kamera upande, kisha nyuma yake kabisa. Kwenye kila mkao pigeni mara tatu: bila kitu, na shuka jeupe upande wa kivuli umbali wa nusu mita, kisha na kitambaa cheusi mahali pale pale pa shuka. Hizo ni shoti 12. Ziwekeni pamoja kwenye skrini moja. Shuka linajaza kivuli. Kitambaa cheusi kinakizidisha, na kwa tukio la huzuni au siri mara nyingi kinafaa zaidi.

Halafu mrudisheni mtu mita mbili kutoka dirishani. Dirisha dogo litatoa karibu robo ya ule mwanga wa mwanzo, na ukuta wa nyuma utakaribiana naye kwa mwanga. Ndipo mtaelewa kwa nini picha nyingi za ndani zinaonekana bapa: mtu amebandikwa ukutani. Mleteni mbele, angalau mita mbili kutoka ukuta.

Ngozi nyeusi inapenda chanzo kikubwa kinachoakisiwa. Badala ya kumwelekezea taa kali ambayo itatoa doa jeupe kwenye paji, elekezeni taa kwenye ubao mweupe wenye upana wa mita moja, kisha ule mng'ao wa ubao ndio uteleze kwenye shavu. Mnaona umbo la uso linajichora. Jasho mlifute kwa karatasi laini kwa kubonyeza, bila kusugua, na mumpake poda isiyo na mng'ao inayolingana na rangi yake.

Nje, jua la saa tano hadi saa tisa huku kwetu liko utosini. Macho yanakuwa mashimo. Tafuteni kivuli cha ukuta au mwembe, na ardhi iliyo mbele ya mwigizaji iwe ya rangi ya mchanga, itamrudishia mwanga kutoka chini. Kivuli cha majani si sawa na kivuli cha ukuta: majani yanatupa madoa usoni na rangi ya kijani. Kuanzia saa kumi na nusu jioni mwanga ni mzuri sana, ila karibu na ikweta jua likizama giza linaingia ndani ya dakika 25 hivi. Msipange zaidi ya shoti sita kwa jioni moja, na muanze na zile pana.

Mkitaka kubaki na shata 1/50 nje kwenye jua na f/4, ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), lazima mweke kichujio cha ND32, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga. Bila hicho mtalazimika kupandisha shata hadi 1/1600 hivi, na mikono ya watu itakatika katika kama roboti.

Ukurasa_Mmoja

Nimesoma yote, ni mazuri, ila naona mmemsahau mwigizaji. Mtu anaweza kumaliza wiki 12 akiwa fundi wa chapati na madirisha lakini hajawahi kumwongoza binadamu.

Andikeni ukurasa mmoja. Watu wawili mezani, mmoja anamdai mwenzake, na neno "deni" wala "pesa" halitamkwi hata mara moja. Mistari isizidi 16. Pigeni kwanza shoti moja isiyokatwa, dakika moja na nusu, kamera kwenye stendi. Mnaruhusiwa kuwasogeza watu tu. Asogee nani, lini, kwa sababu ya mstari gani? Mwigizaji akiwa mkavu, msimwambie "onyesha hasira zaidi". Mpeni kitu cha kumfanyia mwenzake: mfanye ashindwe kukutazama, mzuie asisimame, mchekeshe mpaka asahau. Teki tatu, kila moja na kitendo tofauti, maneno yale yale. Kama teki zote tatu zinafanana, maelekezo yenu hayakueleweka, tafuteni kitenzi kingine.

Wiki inayofuata ukurasa ule ule mnaukata. Hapa ndipo linapokuja lile la watu kutotazamana. Vuteni mstari wa chaki sakafuni kutoka kiti hadi kiti, uendelee mpaka ukutani pande zote. Kamera ikae upande mmoja wa mstari huo kwa shoti zote. Ukivuka, mmoja wao, tuseme Asha, aliyekuwa anatazama kulia sasa anatazama kushoto, sawa na mwenzake, na wote wanaonekana wanamtazama mtu wa tatu. Mkihitaji kuvuka, mwoneshe mtazamaji mnavuka: kamera itembee ndani ya shoti, au mwigizaji asimame ahamie upande mwingine.

Kuwa upande sahihi hakutoshi. Mwenzake asiyeonekana akae kabisa karibu na lenzi, bega lake liguse stendi ikibidi. Akikaa mbali, macho ya anayepigwa yanakimbia pembeni na tunaona sikio kuliko jicho. Kimo cha kamera kiwe sawa na macho ya aliyeketi, kwenye viti vya plastiki vya kawaida hiyo ni kama mita 1.1. Na umbali wa kamera kwa mtu wa kwanza uandikeni, muutumie kwa mtu wa pili, lenzi ile ile. La sivyo uso mmoja utajaza fremu na mwingine utaonekana yuko mbali, kama hawako meza moja.

Sikubaliani na kutumia wiki zote 12 kwa mazoezi. Wiki nane za mazoezi, wiki nne za mwisho filamu ya dakika tano: maeneo mawili, waigizaji watatu wasizidi. Kuna ugumu ambao zoezi halikuonyeshi, kama kulinda hadithi isipotee siku ya tatu watu wakiwa wamechoka.

Kibatari

Tumekaa, tumekubaliana na nane kwa nne. Bado mawili: majukumu tuyagawe vipi, na kuhusu vibali?

Mkasi

Majukumu yazunguke kila zoezi: mwongozaji, kamera na mwanga, sauti, mwendelezo (yule wa simu na daftari) na klapu (kibao kinachopigwa mwanzo wa teki). Anayehariri asiwe aliyeongoza. Mhariri asiyejua mlichokusudia ataona kisichokuwepo kwenye picha. Mnapofika kwenye ile ya dakika tano, acheni kuzunguka, kila mtu ashike alichokifanya vizuri zaidi.

Kupima: tazameni mara tatu. Mara ya kwanza bila sauti, mhesabu mikato iliyowashtua. Ya pili skrini imefunikwa, mwandike kila neno msilolisikia. Ya tatu kamili, mkiwa na mtu mmoja wa nje, mumwombe awasimulie alichokiona. Msimwulize kama ameipenda. Hesabu hizo ziandikwe kando ya tarehe, na ya Jumatano iwekwe chini ya ile ya Jumamosi.

Vibali: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu, kwa hiyo ulizeni Bodi ya Filamu kuhusu kazi za wanafunzi, na chuo kiwape barua ya utambulisho. Mtaani pitieni kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya siku ya kupiga. Bandari, vituo vya polisi, kambi na madaraja makubwa yasionekane hata nyuma ya fremu.

Fremu25

Nyongeza ya nafasi: kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja ni kama megabaiti 750, kadi ya gigabaiti 64 inashika dakika 85 hivi. Kila jioni nakilini kwenye diski mbili tofauti, fungueni faili la kwanza, la kati na la mwisho muone linacheza mpaka mwisho, ndipo kadi ifutwe, na ifutiwe ndani ya kamera yenyewe. Majina ya folda yaanze na namba ya zoezi, jina lake, kisha awamu: 2_chapati_awamu1, 2_chapati_awamu2. Awamu ya kwanza msiifute hata ikiwa mbaya, mtaihitaji kulinganisha.

SautiKwanza

Na faili za sauti ziingie folda hiyo hiyo, jina la shoti na teki likitamkwa kwa mdomo mwanzoni mwa kila moja: "Chapati, shoti ya nne, teki ya pili." Simu ya akiba nayo isikie tamko hilo.